Taa ya Nyuma ni ya Mwenzako: Namna ya Kurejesha Taa za Asili Katika Gari la Kale

Dereva haoni taa za nyuma za gari lake anapoendesha. Wanaoziona ni wengine: mwenye lori anayemfuata mlimani, kijana wa bodaboda aliyebeba abiria wawili, mama anayevuka barabara na mtungi kichwani. Ndiyo maana taa hizo huweza kufa mwezi mzima bila mwenye gari kujua, na ndiyo maana sisi wa Jeshi la Polisi tumeona vema kuzitengea makala haya.

Katika miji yetu ya mpakani wapo watu wanaopenda kufufua magari ya kale. Mmoja ana Land Rover aliyoirithi kwa babu yake, mwingine ana Peugeot 404 iliyolala chini ya mwembe kwa miaka mingi, na wapo wachache wenye gari la Kimarekani lenye injini kubwa, au wenye ndoto ya kulipata. Katika mikutano yetu na wananchi, mafundi huuliza swali moja kwa namna nyingi: je, tunaweza kurudisha taa zile zile za asili, au sheria inatulazimisha kuweka mpya? Jibu letu ni kwamba taa ya asili inaruhusika kupendwa, mradi inaonekana na inaeleweka kwa mtu anayekuja nyuma. Gari lililorudishiwa sura yake ya kiwandani lakini taa zake zikawa hafifu, bado halijarudi katika hali yake ya asili.

Tutaeleza kwa mfano wa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960, kwa sababu taa zao zina uzuri mwingi na ugumu mwingi kwa pamoja. Mengi tutakayosema yanahusu pia pikapu, basi dogo na lori kuukuu la mkaa.

Magari ya misuli na alama zao

Katikati ya miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutoa magari ya ukubwa wa wastani yaliyofungwa injini kubwa za silinda nane. Watu wa huko huyaita magari ya misuli. Pontiac GTO, iliyotoka kama modeli ya mwaka 1964, hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua njia. Ford Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia mjini New York. Wapenzi wa magari hubishana kama Mustang ni ya kundi hilo au ina ukoo wake peke yake, lakini kwa mada yetu ubishi huo haudhuru.

Kwa magari haya taa ya nyuma ni kama alama apigwayo ng'ombe ubavuni ili ajulikane ni wa zizi gani. Mustang ya miaka hiyo hujulikana kwa taa zenye sehemu tatu zilizosimama wima kila upande. Dodge Charger ya mwaka 1968 ina taa nne za mviringo, ilhali ile ya mwaka 1969 ina taa mbili ndefu zilizolala. Mercury Cougar ya mwaka 1967 ilikuwa na indiketa zinazowaka kwa mfuatano, kuanzia ndani kuelekea nje, kana kwamba mwanga unatembea kuonyesha njia. Mfuatano huo uliendeshwa na mota ndogo ya umeme. Magari ya modeli ya mwaka 1968 yauzwayo Marekani yalitakiwa kuwa na taa au viakisi ubavuni, na kufikia mwaka 1970 yalitakiwa kuwa na vyote viwili.

Basi si ajabu mwenye gari akikataa taa ya kubahatisha. Akifunga taa ya mwaka mwingine, macho ya mjuzi yatagundua mara moja na thamani ya gari itashuka. Tunauelewa uchungu wa jambo hilo. Tunachoomba ni kwamba uchungu huo huo uelekezwe pia kwenye mwanga wenyewe.

Hesabu ya usiku

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu tangu aone kitu hadi mguu wake ukanyage breki. Katika muda huo amekwisha kupita mita 33. Kisha gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, huhitaji mita 38 nyingine hadi lisimame. Jumla ni mita 71.

Sasa, taa za mbele zilizoinamishwa humulika vizuri umbali wa kama mita 50. Gari lisilo na taa ya nyuma litaonekana likiwa mita 50 mbele, na dereva anahitaji mita 71. Pengo la mita 21 halizibwi na ustadi, sala wala honi. Lori lenye shehena linahitaji umbali mrefu zaidi, na lami iliyolowa mvua huzidisha tatizo.

Taa ya nyuma inayowaka sawasawa hubadili hesabu hiyo yote. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka taa nyekundu za mkia zionekane umbali wa mita 300 usiku wenye hewa safi. Tofauti ya mita 50 na mita 300 ndiyo tofauti ya mtu kufika nyumbani na kutofika. Wale wanaoishi kando ya barabara za Malaba, Busia, Mutukula na Katuna, ambako malori husafiri na kuegeshwa usiku na mchana, hawahitaji kuambiwa zaidi.

Maneno manne ya taa

Taa za nyuma husema maneno manne. Taa ya mkia husema, "Nipo hapa." Taa ya breki husema, "Ninapunguza mwendo." Indiketa husema, "Ninageuka upande huu." Taa nyeupe husema, "Ninarudi nyuma." Pamoja nazo kuna kiakisi, ambacho hakina umeme hata kidogo lakini hurudisha mwanga wa gari linalokuja. Hicho ndicho kinachoendelea kusema wakati betri imekufa na gari limekwama kilimani. Matawi ya miti ambayo madereva wetu huyatandaza barabarani gari likiharibika hayarudishi mwanga. Kiakisi na pembetatu ya tahadhari huurudisha.

Katika magari mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1960, balbu moja hubeba maneno matatu. Ndani yake kuna nyuzi mbili: mmoja dhaifu, wa wati 8 hivi, kwa taa ya mkia, mwingine wenye nguvu, wa wati 27 hivi, kwa breki na pia kwa indiketa. Mafundi huijua kwa namba yake, 1157. Ukiitazama shingoni utaona vijipini viwili visivyo kwenye kimo kimoja. Viliwekwa hivyo makusudi ili balbu isiingie kinyume na kubadilisha kazi za nyuzi hizo. Fundi anayeilazimisha balbu ya uzi mmoja katika soketi ya nyuzi mbili, au anayeigeuza kwa nguvu, hupata gari ambalo taa yake ya mkia hung'aa kama breki na breki yake haionekani kabisa. Anayefuata nyuma huona wekundu usiobadilika, na hajui gari la mbele limesimama hadi amelifikia.

Kutafuta taa bila kuingia matatani

Njia za kupata taa za asili ni tatu: kipuri kipya cha zamani kilichosalia dukani, taa iliyotumika kutoka gari lililochakaa, na nakala iliyotengenezwa siku hizi kwa kufuata umbo la zamani. Kila njia ina faida zake. Nakala nzuri huweza kuwa salama kuliko taa ya asili iliyopasuka, na nakala mbovu huwa na kioo chembamba kisichotawanya mwanga.

Kabla ya kununua, soma maandishi yaliyomo kwenye kioo chenyewe. (Tunakiita kioo kwa mazoea, ingawa katika magari haya ni plastiki.) Taa za Kimarekani za wakati huo huwa na herufi SAE, kisha herufi za kazi: A kwa kiakisi, I kwa indiketa, S kwa breki na T kwa mkia, na mara nyingi tarakimu mbili za mwaka. Kwa hiyo kioo chenye maandishi SAE AIST 67 kinakuambia kazi zake zote nne na kizazi chake. Taa zilizoidhinishwa kwa taratibu za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini. Angalia pia upande: vitundu vidogo vya kutolea maji hukaa chini, na ukigeuza taa ya kulia uifunge kushoto, vitundu huja juu na taa hugeuka kuwa birika.

Sisi tunaongeza ushauri mmoja wa kipolisi. Taa ni miongoni mwa vipuri vinavyong'olewa kwa urahisi katika gari lililoegeshwa, na mwizi hupenda mnunuzi asiyeuliza. Uliza. Pata stakabadhi yenye jina la muuzaji, tarehe, na gari ambalo kipuri kimetoka. Ukinunua ng'ambo ya mpaka, pitia forodha na ukitangaze, hata kama kinaingia mfukoni. Kipuri kilichopitishwa njia ya panya hakina karatasi, na kisicho na karatasi hukugeuza wewe, mpenda magari mwema, kuwa mtuhumiwa wa kupokea mali ya wizi. Kama muuzaji anakataa kuandika jina lake, amekwisha kukujibu.

Kusafisha na kuandaa

Kabla ya kugusa waya wowote, ondoa kichwa cha hasi cha betri. Katika Mustang za miaka ya 1960 jambo hili si la mzaha, kwani sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Fundi anayefungua taa kwa ndani ameinama juu ya petroli. Asivute sigara, asichomelee chuma na asilehemu waya hapo. Afungue milango na buti, hewa ipite.

Kioo kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Petroli na tina huipasua plastiki hiyo vipande vyembamba kama nyufa za tope lililokauka, na nyufa hizo haziondoki. Mikwaruzo midogo husuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji, kisha kwa dawa ya kung'arishia plastiki.

Jua la miaka mingi hufifisha wekundu. Kioo kilichopauka kuwa cha waridi hupitisha mwanga unaokaribia weupe, na mwanga mweupe nyuma ya gari humwambia anayefuata kwamba gari linarudi nyuma au linamjia usoni. Kiweke kando ya kipya. Ukiona tofauti kubwa, kibadilishe. Kukipaka rangi ya kucha au rangi ya dawa si dawa, kwani mwanga hupungua mno. Vivyo hivyo vioo vilivyotiwa weusi kwa urembo: usiku hupunguza mwanga, na mchana huificha breki.

Ndani ya taa kuna bakuli linalorudisha mwanga nje. Likiwa na kutu au vumbi, balbu mpya haitasaidia. Lisafishwe na kupakwa rangi ya fedha au nyeupe inayostahimili joto, bila kuziba mahali soketi inapogusa chuma. Fremu zinazong'aa ni za zinki iliyopakwa kromu, na zinki hiyo huvunjika upesi. Ifunguliwe taratibu, nati iliyoshika itiwe mafuta ya kulegeza kutu na iachwe usiku kucha.

Njia ya kurudi nyumbani

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Umeme ni msafiri ambaye lazima arudi nyumbani. Hutoka kwenye betri kwa waya, hupita katika balbu, kisha hurudi. Katika magari ya kale mara nyingi hakuna waya wa kurudia. Njia ya kurudi ni mwili wa gari wenyewe. Soketi hugusa bakuli la taa, bakuli hufungwa kwa nati kwenye bati la nyuma, na bati limeungana na betri. Mafundi wetu huiita njia hiyo ethi.

Sasa mfikirie mwenye gari aliyetumia miezi kulifufua. Bati limekwanguliwa, limepakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya juu tabaka tatu au nne. Bakuli nalo limepakwa. Gasketi ni mpya na nene. Kila kitu kinameremeta, na kila tabaka la rangi ni ukuta kati ya taa na betri. Gari lililokuwa na taa nzuri likiwa na kutu, sasa lina taa mbovu likiwa na urembo.

Dalili zake zinajulikana. Taa huwaka kwa unyonge. Ukikanyaga breki, taa ya mkia huzimika, au taa ya upande wa pili hupepesa. Ukiwasha indiketa, nyekundu zote huyumba pamoja. Ukiigonga taa kwa kiganja, hupona kwa dakika moja. Sababu ni kwamba umeme uliofungiwa njia yake hutafuta njia nyingine kupitia uzi wa pili wa balbu, na kutoka hapo kwenda kwenye taa zisizohusika. Dalili ya mvua ni mawingu. Taa inayoyumba leo itazimika kesho, na kwa kawaida itazimika usiku.

Tiba ni rahisi. Kwangua rangi mahali pa nati tu, upana wa nati yenyewe, hadi chuma king'ae. Weka washa yenye meno ili iume chuma. Paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Iliyo bora zaidi ni kuongeza waya mweusi kutoka kila bakuli hadi boliti safi kwenye mwili wa gari, ndani ya buti, ambako hakuna mtu atakayeuona na hautapunguza uasilia hata chembe.

Kisha pima. Washa taa, weka ncha moja ya kipima volti kwenye mwili wa taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Namba ikaribie sifuri. Moja au mbili ya kumi ya volti yavumilika. Ikifika nusu volti, njia ina kizuizi. Usidharau upungufu mdogo, kwa kuwa mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko volti: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza takriban asilimia 30 ya mwanga.

Kama fyuzi inaungua kila mara, tafuta waya uliochubuka. Kuizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kuondoa mlinzi mlangoni. Mwizi ajaye ni moto, na tumekwisha kusema tangi la petroli liko wapi.

Kufunga

Gasketi ikae bila kukunjamana. Skrubu za kioo zikazwe kwa zamu, moja huku na nyingine kule, kwa vidole na bisibisi ndogo; plastiki ya miaka 50 haisamehe mkono mzito. Usizibe vitundu vya maji kwa gundi. Waya zipitishwe mbali na bawaba za buti, na pale zinapopenya bati ziwekewe mpira, ili ukali wa bati usizichubue.

Wengi huuliza juu ya balbu za LED. Zina faida ya kweli: balbu ya uzi huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuwaka kikamilifu, na LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita nne, takriban urefu wa gari dogo. Lakini ziwe na mambo matatu. Kwanza, nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, kwa sababu ile nyeupe hutoa rangi ya waridi. Pili, flasha ya zamani hufanya kazi kwa joto la umeme mwingi, na LED hutumia umeme kidogo. Indiketa zitakimbia au zitagoma, hivyo badilisha flasha iwe ya kielektroniki. Tatu, hakikisha mwanga wa breki unatofautiana waziwazi na wa mkia. LED za bei rahisi mara nyingi hazitofautiani vya kutosha.

Indiketa nyekundu, na mpaka wenye pande mbili

Marekani indiketa ya nyuma huruhusiwa kuwa nyekundu hadi leo. Kwetu, kama katika sehemu kubwa ya dunia, macho yamezoea rangi ya chungwa. Mkataba wa Vienna nao unataja rangi hiyo. Gari la kale lenye balbu moja kwa kazi zote, likikanyaga breki huku likionyesha kugeuka, huonyesha upande mmoja umetulia na mwingine unapepesa. Mwenye pikipiki anayefuata aweza kudhani ni gari lenye breki mbovu upande mmoja, akalipita kwenye upande ule ule linakogeukia.

Nchi nyingine zimepata njia ya kati. Uingereza, kwa mfano, huruhusu indiketa nyekundu za nyuma kwa magari yaliyoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Septemba 1965, lakini si kwa yaliyofuata. Ushauri wetu ni kuacha vioo vya asili mahali pake na kuongeza indiketa ndogo za rangi ya chungwa chini ya bampa, au kuweka balbu ya rangi hiyo katika nyumba nyingine ya taa iliyopo. Siku ya maonyesho huondolewa kwa boliti mbili. Siku ya barabara hubaki. Kabla ya kufanya badiliko lolote, mwone mkaguzi wa magari wa polisi. Kuuliza mapema ni bure, na ukaguzi unaokataliwa hugharimu kazi mara mbili.

Kwa wakazi wa mpakani kuna jambo la ziada. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Anayevuka Katuna, Mpondwe au Elegu hubadilisha upande ndani ya mita chache. Gari la Kimarekani lina usukani kushoto. Likiwa upande wetu, dereva wake amekaa karibu na ukingo wa barabara na haoni vizuri mbele ya lori analotaka kulipita. Hulazimika kutoka kidogo, kuchungulia, kisha kurudi. Kila mara afanyapo hivyo, wanaomfuata humsoma kwa taa zake za nyuma tu. Indiketa isiyoeleweka hapo si kosa dogo.

Jaribio la watu wawili

Kabla gari halijatoka uani, tunapendekeza jaribio hili lifanyike jioni, watu wawili wakisaidiana. Mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame hatua 20 nyuma na aseme kwa sauti anachokiona.

1. Washa taa za mkia. Zote ziwe nyekundu na zilingane kwa nguvu.
2. Kanyaga breki huku taa za mkia zikiwaka. Mwanga uongezeke wazi kiasi cha kumshtua mtazamaji.
3. Washa indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, huku breki imekanyagwa. Upande mmoja tu upepese.
4. Weka gia ya kurudi nyuma. Nyeupe iwake, na izimike gia ikiondolewa.
5. Zima kila kitu, mtazamaji amulike kwa tochi. Viakisi virudishe mwanga.
6. Fungua na ufunge buti mara tano, kisha rudia yote. Waya uliolegea hujitokeza hapo.
7. Mwaga ndoo ya maji juu ya taa, subiri, kisha tazama ndani ya buti na ndani ya vioo.

Mwisho, mtazamaji aende mbali kadiri barabara iliyo salama inavyoruhusu, ageuke na aangalie. Kama yeye aliyejua gari liko wapi analitafuta kwa macho, asiyejua hataliona.

Jaribio hili halihitaji chombo cha gharama. Linafaa kwa Mustang ya mwaka 1967 sawa na linavyofaa kwa pikapu ya kubeba ndizi, na mwenye kulifanya kila wiki hatatuona sisi wala mkaguzi kwa hofu. Ukikuta gari limekwama usiku bila taa wala pembetatu, usisite kutupigia kwa namba 999 au 112, na uwaonye wanaokuja kutoka mahali salama, nje ya lami.

Kurejesha gari la kale ni kutunza kazi ya mikono ya watu waliotutangulia, nasi tunaiheshimu kazi hiyo. Waliotengeneza taa zile hawakuziweka nyuma kwa urembo peke yake. Waliziweka kwa ajili ya mtu wasiyemjua, ajaye nyuma gizani. Leo mtu huyo ni jirani yetu, wa upande huu wa mpaka au wa upande ule. Tumwashie.